Mistari Miwili ya Mchicha

Katika kisiwa kizima cha Mombasa hapakuwa na mtumishi aliyeifanya kazi yake kwa ukamilifu kama Bi Mejumaa wa geti la Mbaraki. Ushahidi ni mmoja tu na unatosha: kwa miaka kumi na minne hakuna mtu, mbuzi wala mkokoteni uliogongwa na treni yeye akiwa zamu. Kwamba katika miaka hiyo kumi na minne hakukupita treni hata moja ni jambo dogo, na waliopenda kulitaja ni wenye husuda.

Kila siku saa kumi na mbili asubuhi alifungua mlango wa kijumba chake cha mawe, pale barabara iendayo gatini inapokata njia ya reli. Akatungika bendera zake mbili ukutani, nyekundu kushoto, kijani kulia, akakaa kitako kwenye kigoda na kuandika katika daftari tarehe, hali ya hewa, kisha maneno mawili: "Hakuna treni." Jioni aliandika tena vilevile, asije mtu akadai treni ilipita mchana naye kasinzia. Daftari likijaa alilifunga kwa uzi wa katani na kulisukuma chini ya kitanda. Kitanda chenyewe kilikuwa kimeanza kuinuka.

Reli hiyo ilikuwa na enzi yake. Mwingereza ndiye aliyeitandaza hadi ufuoni, ili mali ya bara ishuke ikaingie melini bila kupita Kizingo na kuwasumbua wakubwa waliokuwa wakinywa chai. Mabehewa yakaja na kuondoka, yakiteremsha magunia na kupakia magunia, na mji ukazoea kelele zake kama mtu anavyozoea mkoromo wa mumewe. Mwingereza alipoondoka alituachia vitu viwili, reli na tabia ya kuandika ripoti. Reli ilikufa kwanza. Ripoti mpaka leo zina afya njema. Malori yalichukua mzigo, kisha ikaja treni mpya, nzuri, ya kisasa, ikakomea ng'ambo kule Miritini kana kwamba kisiwa kina ndui.

Mejumaa alikuwa Mdigo wa Tiwi. Alivuka feri akiwa na miaka ishirini na akaandikwa katika genge la reli, kazi yake kung'oa majani baina ya mataruma yanayobeba reli. Nyapara wa genge, Mzee Kingi, aliona kwamba msichana huyu anajua kusoma na hashtuki injini ikipiga honi nyuma yake, akampa geti. Alimfundisha mambo mawili. La kwanza, bendera nyekundu ikiinuka hata mkuu wa mkoa husimama. La pili, kwenye reli mtu haondoki kazini mpaka akabidhi. Kila kilicho mikononi mwako huandikwa kwenye karatasi, bendera, taa, geti, mpaka ufagio, na anayekuja hukagua, akatia sahihi, akasema "nimepokea." Bila sahihi hujaondoka, hata ukifa.

Mzee Kingi mwenyewe alipostaafu na kurudi kwao Rabai alimkabidhi geti kwa mtindo huohuo. Chini ya karatasi akaongeza mstari mmoja kwa mkono wake: "Na reli ni amana yako, isiondoke mpaka ofisi itume mtu wa kuipokea."

Ofisi haikutuma mtu. Ofisi ilikuwa na mambo mengi.

Waliokuja ni wezi wa chuma chakavu. Ng'ambo ya kona, kule asikokuona Mejumaa, reli zilianza kutembea, jambo ambalo Mwingereza na ujuzi wake wote hakuliweza: yeye alitembeza treni juu ya reli, hawa wakaitembeza reli yenyewe. Mejumaa aliandika barua tatu ofisini. Alijibiwa moja, ikimshukuru kwa moyo wake wa kujitolea na kumtakia Idi njema. Ilikuwa mwezi wa Februari, na Idi ilikuwa mbali.

Hapo ndipo alipofikiri kwamba mwizi huiba anachokiona. Ganjoni walikuwa wanachimba misingi ya maghorofa, na madereva wa malori walikuwa wakizunguka na udongo wakitafuta pa kuumwaga bila kukamatwa. Mejumaa aliwaambia, "Mwageni kwangu." Walidhani ni mwendawazimu, wakamwaga haraka kabla hajapona. Alizipaka reli grisi kuanzia getini hadi mwisho wa eneo lake, mita mia mbili na kumi, akazivisha vipande vya turubai, akazifukia karai kwa karai kwa muda wa miezi minane. Juu yake akapanda mchicha. Aliupanda juu ya reli zenyewe hasa, mistari miwili iliyonyooka, mita moja baina yake, asije akasahau amana ilipolala.

Wezi walipofika walisimama katikati ya bustani, wakatukana sana, wakasema kuna wenzao wasio na adabu waliowatangulia. Mmoja wao aliomba fungu la mchicha, akapewa.

Mambo yangekaa hivyo kama mji usingegundua kwamba una historia. Siku hizi kila mji lazima uwe nayo, tena iwe mahali pa kupigia picha. Iliundwa Kamati ya Kupamba Ufuo, ikakabidhiwa kile kipande cha ardhi kwa barua yenye mihuri mitatu, ikaamua kutengeneza njia ya kutembelea iitwayo Njia ya Reli, yenye viti, taa na kioski cha kahawa. Kioski kingekuwa ndani ya kijumba cha Mejumaa, kwa sababu kina "sura ya zamani." Mejumaa naye, aliyekuwa na sura ya zamani vilevile, hakutajwa. Yeye hakujali sana. Alikuwa amebakiza miezi miwili astaafu, na binti yake aliyeolewa Kibokoni alikwisha kumtengea chumba.

Katibu wa Kamati alikuwa kijana aitwaye Griffins, mwenye shati la mikono mirefu na ramani ndefu zaidi. Alifika Jumatatu, akatembea moja kwa moja bustanini bila salamu, akasimama mguu mmoja kwenye mstari huu wa mchicha na mguu wa pili kwenye mstari ule, akafungua ramani.

"Mama, reli ziko wapi?"

"Na wewe sabalkheri," alisema Mejumaa. "Mimi sijambo. Watoto hawajambo."

Griffins alikunja uso kidogo. "Sabalkheri. Hapa ramani inaonyesha reli mbili, mita mia mbili na kumi. Mimi naona mboga."

"Waona vizuri, macho hayana kasoro."

"Mama, hili si jambo la mzaha. Wewe ndiye mlinzi. Zimekwenda wapi?"

"Umekuja kuzipokea?"

"Nipokee nini? Hapa hapana kitu."

"Basi siku atakapokuja mtu wa kupokea, tutazungumza naye."

Jibu hilo lilikuwa sahihi kabisa kwa sheria za reli, na la kijinga kabisa kwa mtu anayeshukiwa. Griffins hakuwa ameletwa na sheria za reli. Alipiga picha za mchicha, nyingi, kutoka pande zote, na katika zote mistari miwili ilionekana imenyooka kama iliyopigwa rula. Alhamisi ya wiki iliyofuata kungekuwa na sherehe ya kuzindua mradi. Alimwambia Mejumaa kwamba Ijumaa yake asubuhi, kama hajaeleza kwa maandishi reli ziliuzwa kwa nani, jalada litapelekwa polisi. Kisha akarudi ofisini kuandika ripoti.

Sasa Mombasa si mji wa kuficha maneno. Habari iliondoka Mbaraki adhuhuri, na alasiri ilikuwa Mji wa Kale imekwisha kuvua viatu na kuketi. Bi Mejumaa ameuza reli. Wengine walisema ameuza na injini.

Habari hiyo haikumfurahisha mtu kama ilivyomfurahisha Bi Swabaha, mama mkwe wa binti yake. Ukoo wa Swabaha ulikuwa Kibokoni, humo Mji wa Kale, tangu mlango wa kwanza ulipochongwa, na hakuna jirani aliyepewa nafasi ya kulisahau hilo. Mtoto wake kuoa binti wa mlinda geti alikumeza kama mtu amezavyo mwiba, kwa tonge kubwa. Hata hivyo kila Ijumaa alikuja Mbaraki na kikapu, akajichumia mchicha, akasema ni mchungu kidogo, akajaza kikapu.

Ijumaa ya wiki hiyohiyo alikuja amevaa leso mpya. Alizunguka bustani pole pole mpaka Mejumaa akapata kulisoma sawasawa jina lake: *Chuma cha watu hakilei mwana.*

"Leso nzuri, mkwe," alisema Mejumaa.

"Nimeipenda rangi tu," alisema Swabaha. "Maandishi hata sikuyatazama."

"Na kikapu hukuleta leo?"

"Aa, mkwe. Siku hizi nyumbani twaogopa kula vitu ambavyo hatujui vilikotoka."

Alipoondoka, binti yake Mejumaa alipiga simu. Hakulia, lakini alisema kwa sauti ya mtu aliyemaliza kulia. Nyumbani, kila kijiko kikikosekana jikoni, alikuwa akiulizwa yeye kwanza. Kwa utani, bila shaka.

Mejumaa alikaa na simu mkononi. Kupelekwa polisi kulimkera, lakini polisi mtu huenda na kurudi. Jina la mwizi lingeingia Kibokoni pamoja naye siku ya kuhamia, likae chumbani humo, na mwanawe alitumikie kila asubuhi. Aliinama chini ya kitanda akatoa karatasi ya makabidhiano. Alikuwa ameiandaa miaka kumi na minne iliyopita kwa mwandiko wake mzuri: bendera nyekundu, moja, bendera ya kijani, moja, taa ya mkono, moja, haina utambi, geti, moja, reli, pande mbili, mita mia mbili na kumi, kamili. Palikosekana jina la mpokeaji, tarehe na sahihi.

Alhamisi ikafika. Tangu jana yake hema jeupe lilikuwa limesimamishwa juu ya nusu ya bustani, na zulia jekundu limetandikwa juu ya mchicha, kwa sababu mgeni rasmi hakanyagi mboga. Saa moja asubuhi Griffins alikuja kuhesabu viti. Mejumaa alimngoja nje ya hema, jembe mkononi.

"Sabalkheri, Bwana Katibu. Njoo uone."

Alipiga jembe mara sita, akaondoa udongo kwa mikono, akafunua turubai. Chini yake reli ilikuwa imelala, nyeusi, inang'aa kwa grisi kama ndizi iliyotoka mafutani. Aliipangusa kwa pindo la leso yake na chuma kikatoa weupe.

Griffins alichutama. Aliigusa kwa kidole. Akatazama mstari wa mchicha ulivyokwenda hadi hemani, akatazama na wa pili, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe akakielewa kilimo.

"Zote ziko?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Zote. Hata msumari mmoja haukupungua."

Mtu angetarajia Katibu wa Kamati ya Kupamba Ufuo, aliyepata reli aliyokuwa akiitafuta, afurahi. Griffins alishika kichwa.

"Mama, funika."

"Nifunike?"

"Funika upesi. Ripoti imekwisha kuchapwa. Picha zimo. Mgeni rasmi ana ukurasa mzima wa hotuba kuhusu wizi. Na reli za badala ziko njiani na lori, vipande vinne, vimepakwa kutu kwa rangi vionekane vya kale. Ukizitoa hizi, utauharibu mradi wa reli."

"Na mimi?"

"Wewe tutakusamehe. Ijumaa jalada halitakwenda. Nakuahidi."

"Mwizi ndiye husamehewa, mwanangu," alisema Mejumaa. "Mimi nataka sahihi."

Alimpa karatasi. Griffins aliisoma mpaka kwenye reli, akamrudishia kana kwamba imemuunguza. Hawezi, alisema. Mtu hawezi kusaini kwamba reli zipo na asubuhi hiyohiyo mgeni wake rasmi asome kwamba hazipo. Alikuwa angali kijana.

Mejumaa aliurudisha udongo juu ya reli, kwa sababu chuma cha amana hakiachwi wazi. Kisha akanawa mikono, akaingia ndani, akavaa koti lake la kazi, akatoka na bendera nyekundu. Alishusha geti, ule mti wa chuma wenye mistari myeupe na myekundu. Ulilia kwa uvivu wa miaka mingi. Akasimama mbele yake.

Lori la reli za badala lilifika saa tatu kasorobo. Dereva aliiona bendera, akafunga breki mpaka vile vipande vinne vikagongana nyuma. Alitoa kichwa dirishani. Alikuwa mtu mzima, mnene, mwenye mvi, na alipomtazama mwanamke aliyesimama getini akazima injini kabisa.

"Mama Geti," alisema. "Bado uko zamu?"

"Bado, Oloo. Nangoja wa kunipokea."

Oloo alikuwa Mjaluo wa Kisumu aliyeendesha treni miaka ishirini na miwili, na ya mwisho kupita Mbaraki ilikuwa yake. Siku hiyo alipiga honi mara mbili na Mejumaa akamtikisia kijani. Baadaye kazi ya treni ikamwacha, akashika malori ya wakandarasi.

Griffins alikuja mbio, tai begani. "Dereva, pita. Inua hilo geti upite. Wageni wanaingia saa nne."

"Nyekundu hiyo, boss."

"Nyekundu gani? Hapa hakuna treni."

"Hilo analijua yeye. Mimi najua bendera tu." Oloo alijiegemeza kwenye kiti na kutoa karanga mfukoni. "Miaka ishirini na miwili sikuvuka nyekundu, hata ya bahati mbaya. Nianze leo, na kichwa kimeota mvi, kwa sababu ya chuma cha kupakwa rangi?"

"Nitakuripoti kwa tajiri wako."

"Andika vizuri. Jina ni Oloo, o mbili mwisho."

Griffins alimgeukia Mejumaa. Nyuma ya lori yalianza kujipanga magari mengine, na moja lilikuwa limebeba spika, jingine biriani ya wageni. Harufu ya biriani ilimfikia kila mtu. Kutoka hemani kikundi cha akina mama wa Mji wa Kale walioalikwa kuimba walitoka kutazama, wote sare, na mbele yao Bi Swabaha, ambaye hajawahi kualikwa mahali akawa nyuma.

"Mama, tafadhali."

"Karatasi hii hapa. Kalamu unayo. Na muhuri nimeuona mkobani."

Saa tatu na nusu, juu ya boneti ya lori, Griffins aliandika jina lake, akatia tarehe, sahihi na muhuri wa Kamati. Mejumaa hakuridhika. Alimtaka aseme.

"Niseme nini?"

"Useme umepokea. Ndiyo desturi."

"Nimepokea," alisema Griffins akitazama matairi.

"Bendera?"

"Na bendera."

"Reli?"

"Na reli, mama, mita mia mbili na kumi, nimepokea. Fungua."

Mejumaa aliinua geti, akashika bendera ya kijani, akaitikisa mara mbili. Oloo akapiga honi mara mbili, akavuka taratibu kama anayebeba mayai. Bendera zote mbili Mejumaa akampa Griffins, maana sasa zilikuwa zake, naye akabaki amezishika barabarani biriani ikimpita.

Karatasi aliichukua mpaka kwa Swabaha. "Mkwe, macho yangu yana maji. Nisomee."

Swabaha aliisoma. Akarudi mstari wa mwisho, akausoma tena, akautazama muhuri, akatazama zulia, na kutoka kwenye ukingo wa zulia akaona mistari miwili ya mchicha ikitokeza. Alikuwa ameuchuma kwa miaka kumi. Mwanamke wa Mji wa Kale husamehe mambo mengi, lakini si kuvalishwa leso ya kijembe ambacho si cha kweli, hata kama aliivaa mwenyewe.

"Nani aliyeniambia umeuza?" aliuliza.

"Mimi sijui, mkwe. Wewe ulipenda rangi tu."

Sherehe ilianza saa tano, ambayo ndiyo saa nne ya wakubwa. Mgeni rasmi alisoma ukurasa wake kuhusu watu wasioitakia nchi mema waliong'oa urithi wetu usiku wa giza. Griffins aliketi mstari wa mbele, kiti chake kimezama kidogo upande mmoja, pale udongo wa bustani ulipokuwa laini kwa jembe la Mejumaa. Reli bandia zilipangwa juu ya changarawe mpya, hatua mbili kando ya zile za kweli, mita moja na nusu baina yake, kwa sababu hakuna aliyepima. Mgeni akakata utepe. Kisha akina mama wakakaribishwa kuimba.

Wimbo uliokuwa kwenye ratiba ulikuwa wa kukaribisha wageni. Swabaha alisimama mbele, akajifunga leso kiunoni, na kwa mahadhi yaleyale akawatolea wenzake maneno mengine:

*Reli imesakwa bara, ikasakwa baharini,*
*Katibu sogeza kiti, utazame hapo chini.*

Wenzake hawakujua kilichokuwa chini ya kiti, lakini walijua kijembe wakikisikia, wakakipokea kwa vigelegele. Wakakiimba mara nne. Mgeni rasmi alipiga makofi kwa kufuata mapigo, akamwinamia jirani yake kuuliza maana, akaambiwa ni wimbo wa utamaduni. Griffins alisogeza kiti.

Jalada halikwenda polisi Ijumaa. Kibao cha shaba kiliwekwa baada ya wiki, na kinasema reli za asili zilipotea. Kijumba kinauza kahawa. Mejumaa aliondoka hapo na sanduku la nguo, kigoda na madaftari yake yote, na daftari la mwisho lilikuwa na tarehe ile ya Alhamisi: hewa safi, mawingu kidogo, lori moja limepita kwa kijani, geti limekabidhiwa.

Chumba chake Kibokoni ni kidogo na kina dirisha. Karatasi ya makabidhiano imetiwa fremu, na aliyeitundika ukutani sebuleni, mahali ambapo kila mgeni lazima aione, ni Swabaha mwenyewe. Anawaeleza wageni kwamba mkwe wake alikuwa mtu mkubwa katika reli. Ile leso mpya imegeuka kitambaa cha kufutia sufuria.

Siku moja alikuja na bakuli la mchicha wa sokoni, akaulalamikia.

"Ule wako ulikuwa na ladha, mkwe. Hebu niambie siri, ulikuwa watia mbolea gani?"

"Grisi," alisema Mejumaa.